Ndege Ambazo Sikutaka Zitue

Nionyeshe kipande chochote cha ndege ya zamani, hata kama ni parafujo moja na kutu yake, nitakutajia ndege yenyewe kabla hujamaliza kuiweka simu sawa. Sijawahi kukosea. Na la pili, nikuongezee bure: mimi upweke siujui. Naishi peke yangu kwenye nyumba ya vyumba vitatu, nalala chumba ninachotaka, naimba bafuni kwa sauti ya mwenye mali, na hakuna wa kuniuliza taa inawaka kwa nini. Kuna watu wanakwenda hotelini kutafuta maisha haya.

Nyumba ni ya baba. Baba alikuwa mpaka rangi wa ndege. Ndege zikichubuka, yeye ndiye aliyezirudishia uso. Aliniachia rundo la majarida ya ndege yanayonuka rangi hadi leo, na tabia ya kuangalia vitu kwa karibu kupita kiasi. Alipofariki tulibaki watatu, mama, dada na mimi. Dada akaolewa mji mwingine, akajifungua, mama akaenda kumsaidia kwa wiki chache. Yule mtoto sasa anakwenda chekechea na anajua kunitukana kwenye simu, na mama bado hajamaliza kumsaidia. Mimi nikaachwa nilinde nyumba. Nailinda vizuri sana. Hakuna aliyewahi kuja kuiba, na tukisema ukweli, hakuna aliyewahi kuja.

Mchana niko kwenye duka la vioo. Mwenye duka anapima, mimi nakata. Unachovya kigurudumu cha kisu kwenye mafuta ya taa, unavuta mstari mmoja bila kusita, unagonga kwa chini, na kioo kinaachana chenyewe kama wachumba waliochokana. Ukutani tumeegemeza vioo vya kujitazamia, vikubwa kwa vidogo, kwa hiyo kutwa nzima nimezungukwa na kundi la vijana watanashati, wote mimi. Mwenye duka ni mtu wa maneno machache, na hayo machache ni vipimo. Nikimtania leo, anacheka kesho.

Jioni ndiyo nilikuwa na Kipande Tu.

Kipande Tu ni kundi la kwenye simu. Mwenye kundi ni mama mmoja mtu mzima ambaye wote tulimwita Shangazi, ingawa si shangazi wa yeyote kati yetu. Kabla ya kustaafu alikuwa mpiga picha wa karakana ya ndege, huko mji wake, mbali na kwangu. Wakaguzi wa karakana hawakuwa na haja na picha ya ndege. Walitaka picha ya ufa: bati lilipoanza kupasuka, bawaba ilipolika, na rula pembeni ili ukubwa wa ubovu uonekane. Basi Shangazi alipiga nyufa. "Nimepiga picha za ndege maisha yangu yote," alituambia siku moja, "na sina hata moja yenye ndege."

Majina ya ndege alikuwa akitajiwa na mafundi, anayaandika kwenye vikaratasi na kuvibandika nyuma ya picha. Akastaafu na maboksi yake, maboksi yakawekwa stoo, stoo ikavuja, gundi ikaachia. Siku aliyoyafungua alikuta vikaratasi vimejikusanya chini ya maboksi kama majani makavu. Picha huku hazina majina, majina kule hayana picha. Ndipo akafungua kundi, akitafuta watu wenye macho.

Sheria ilikuwa hivi. Kila jioni anatuma kipande. Mpaka kitajwe, tunasema ndege iko angani, na ikiwa angani kila mtu ana ruhusa ya kuuliza, kubisha na kusimulia. Ikishatajwa na hakuna anayepinga, Shangazi anaandika, "Imetua." Anaandika jina kwa penseli nyuma ya picha, anatuaga, na kundi linanyamaza mpaka jioni ya kesho. Ndege ikishatua, soga marufuku. Sheria hiyo ilitungwa zamani watu walipokuwa wengi, baada ya jamaa mmoja kuanza kutuletea matangazo ya viatu.

Wengi walichoka na nyufa wakaondoka. Wakati ninaousimulia tulikuwa tumebaki watatu: Shangazi, mimi niliyeitwa Dogo, na Kepteni. Kepteni hakuwahi kurusha hata tiara. Kazi yake ilikuwa kupakia mizigo uwanjani, ila alikuwa na maneno ya kuamrisha, na cheo kikaja chenyewe.

Mimi nilikuwa moto. Picha inaingia, bado haijafunguka vizuri, mimi nimeshaandika jina. Kepteni anasema, "Dogo, tuachie na sisi tuonje." Shangazi anaandika, "Imetua. Asante mwanangu. Ulale salama." Basi. Jua halijazama, nimeambiwa nilale salama. Nakaa na simu mkononi kama mtu aliyemaliza chakula kabla wenzake hawajanawa, nasikiliza friji. Friji yangu inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Nilifika mahali nikawa najua itanyamaza lini.

Halafu nikakosea.

Najua nilikuambia nini pale juu. Tulia, ndiyo nakuja huko.

Picha ilikuwa ya kidirisha cha chumba cha rubani, na ufa mwembamba kama unywele kwenye fremu yake. Nikaandika Comet, nikaweka na kicheko. Pua ile, madirisha yale, nani asiyeijua? Kepteni akaandika neno moja: "Rudi." Akasema niangalie kando ya kitasa, kuna maandishi madogo yaliyofifia. Nikaikuza picha. Yalikuwepo, na yalikuwa ya Kifaransa. Kumbe ilikuwa Caravelle. Wafaransa waliazima pua ya Comet ya Waingereza wakaibandika kwenye ndege yao, na mimi nikaingia mzimamzima.

Nilibisha, kwa kweli kwa aibu tu. Nikasema pengine Comet hiyo iliuzwa kwa watu wanaosoma Kifaransa. Kepteni akauliza, na mimi je, niliuzwa kwa nani. Shangazi akacheka kwenye ujumbe wa sauti, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi, kisha akaanza kukumbuka. Fundi mmoja wa zamu yake alikuwa anaogopa ngazi, kwa hiyo akipanda juu anaimba, na kadiri anavyopanda ndivyo sauti inavyopanda, mpaka watu wa chini wanajua amefika urefu gani bila kuinua kichwa. Kepteni naye akaleta ya kwake, ya jeneza lililopakiwa ndege isiyo yake. Mimi nikatupia ya baba, siku aliyopaka herufi ya mwisho ya usajili kisha akashuka akagundua ameiandika kichwa chini. Tuliendelea mpaka chai yangu ikapoa. Katikati ya mazungumzo Shangazi akaniuliza, "Na wewe mwanangu, leo umekula nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo siku nyingi. Nikamjibu kwamba tumekula vizuri na wenzangu. Wenzangu walikuwa mayai mawili.

Nilipozima taa siku ile sikuisikia friji.

Jioni iliyofuata Shangazi akatuma dirisha la Viscount. Madirisha ya Viscount ni makubwa, yana umbo la yai lililosimama, hata yule mpwa wangu mwenye matusi angeyatambua. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaandika V. Nikaifuta. Nikaandika, "Hii si Friendship kweli?"

Kepteni alinishukia kama mwewe. Ndege ikakaa angani jioni nzima.

Tangu hapo nikawa mtu wa kukosea, na nisikudanganye, kukosea vizuri ni ufundi. Ukikosea sana watakuona mjinga, wataacha kukujibu. Ukikosea kidogo mno ndege inatua. Inabidi utaje ndege inayokaribiana, yenye hoja yake, ili mtu mzima avue miwani, aifute, aivae tena na kukufundisha. Nilikuwa naandaa makosa yangu dukani, huku nakata kioo. Mwenye duka akaniona natabasamu mbele ya vioo, akaniuliza nina mchumba. Nikamwambia ninao wawili, mmoja bibi na mwingine mpakia mizigo. Kesho yake akacheka.

Kisha siku moja jina la Kepteni likatokea na maneno yasiyokuwa yake. Alikuwa binti yake. Aliandika kwa adabu kwamba baba sasa haoni vizuri, picha zinamchanganya, anakaa nazo anazilazimisha mpaka kichwa kinamuuma, na familia imeomba apumzike. Anatusalimu. Chini yake kukatokea ule mstari mdogo wa kijivu unaosema fulani ameondoka kwenye kundi.

 Shangazi akatuma sauti. Nyuma yake nilisikia birika likianza kuchemka na kiti chake kikilalamika. Alisema, "Basi, Dogo. Tumebaki mimi na wewe."

Sasa sikia jinsi mambo yalivyobadilika. Kepteni akiwepo, kosa langu halikuwa na madhara. Nikipotosha, anainyoosha. Alipoondoka hakuna wa kunipinga. Shangazi alikuwa anajua nyufa, hakuwa anajua ndege. Nikisema imetua, imetua. Nikisema bado, bado. Sikuthubutu kumtajia jina la uongo, maana angeliandika nyuma ya picha. Nikagundua njia nyingine, nyepesi zaidi. Nikawa nasema, "Hii inanisumbua kidogo, Shangazi. Tuiache angani."

Na yeye anaiacha. Na tunaongea. Aliniambia mumewe alimpendea mikono, kwa sababu ilikuwa haitetemeki. Aliniambia siku za mvua alikuwa akisimama chini ya bawa, na mvua ikilipiga bawa unaona kama uko ndani ya ngoma. Kila mara aliuliza nimekula nini, na kila mara nilikuwa nimekula na watu wengi.

Tukaendelea hivyo hadi aliponipa habari. Mwanawe wa kiume anamhamishia kwake mwisho wa mwezi. Nyumba ya mwanawe ni ndogo, maboksi hayaingii. Makumbusho ya ndege yamekubali kuyachukua, ila wanataka picha zenye majina tu. Msimamizi wao alimwambia, kwa upole, kwamba picha isiyo na jina kwao ni picha ya bati. Zitakazobaki bila majina zitakwenda na taka. "Nikimaliza haya maboksi nafunga kundi," akasema. "Mwanangu anasema nashinda kwenye simu kama msichana. Zimebaki chache, Dogo. Tukazane."

Kuanzia siku hiyo akawa anatuma picha nyingi kwa mkupuo. Nilizifungua nimekaa kitandani, na nakuapia nilizijua zote hapohapo. Nilizijua kama unavyowajua watu wa nyumbani kwenu kwa kikohozi.

Mtu mwenye akili timamu angezitaja, akaagwa, yakaisha. Mimi nilikuwa na mpango. Nitazishika angani mpaka siku ya mwisho, halafu siku hiyo asubuhi nizishushe zote kwa pamoja, nijifanye nimezinduka usingizini na ufunuo. Picha zitapona, na mimi nitakuwa nimepata mwezi mzima. Nani ameumia? Ndivyo nilivyojiuliza, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu chumbani, hakuna aliyenijibu.

Nikaandika: hii ngumu. Hii nayo ngumu. Hii nipe siku mbili. Shangazi hakulalamika. Alinifariji, akasema hata Kepteni zilikuwa zinamshinda. Halafu jioni moja akanitumia picha za vile vikaratasi vyenyewe, vilivyooza, kimoja kimoja, akisema pengine nikiona majina nitapata mwanga. Alikuwa ameingia stoo kuviokota sakafuni. Kwenye sauti yake nilisikia anavyoinuka: ameshika kitu, kitu kikasogea, akasema "ai, magoti haya," akacheka. Mimi nikamshukuru. Nikamwambia vitanisaidia sana.

Ijumaa ya mwisho akasema gari la makumbusho linakuja kesho mchana. Zilizo angani ataziweka kwenye gunia pamoja na magazeti ya zamani, na watu wa taka hupita asubuhi. Nikamwandikia haraka asizitoe bado, kesho asubuhi akili yangu huwa safi. Akajibu, "Sawa mwanangu."

Nikalala na simu kifuani. Asubuhi nikaamka, nikanawa uso, nikakaa kitandani tayari kuzinduka na ufunuo, na mlango ukagongwa.

Mlango wangu haugongwi. Nilikaa kidogo nikidhani ni wa jirani. Ukagongwa tena, na sauti ikasema kwamba kama nimekufa niseme mapema, ana begi zito.

Dada. Kasafiri bila kusema, kwa sababu mama alimkataza kusema. Mama alitaka taarifa ya kweli, na taarifa ya kweli haipatikani kwa mtu aliyepewa nafasi ya kufagia. Nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yameshanipita yanakagua sebule. Alifungua friji, akaifunga. Alifungua kabati, akalikuta tupu kama alivyotarajia. Akaniuliza naishije. Nikamwambia naishi kama mfalme, watu wanaingia na kutoka, wikendi hapa hapakaliki.

Dada akapitisha kidole kwenye kiti cha pili cha mezani. Akanionyesha kile kidole. Kilikuwa cha kijivu.

"Hao wageni wako," akasema, "wanakaa wapi? Wananing'inia?"

Nikasema ni vijana, wanapenda kusimama. Hakucheka. Aliketi kwenye kiti changu, kile kisicho na vumbi, akaniangalia kwa jicho la mama, ambalo sijui nani alimwazima. Nikaona mazungumzo yanaelekea pabaya, nikafanya ninachofanya siku zote nikibanwa. Nilijionyesha. Nikatoa simu, nikamwambia atazame kitu, mdogo wake ni bingwa, kuna wataalamu wananitegemea. Nikafungua zile picha.

Ya kwanza ilikuwa mdomo wa kutilia mafuta ya injini, wenye kifuniko chake, uko ndani ya chumba cha rubani karibu na miguu. "Beaver," nikasema. "Hiyo unaweza kuiongezea mafuta ukiwa hukohuko juu." Nikasogeza. Bati la migongomigongo kama paa la banda: Junkers. Kitambaa kilichoshonewa juu ya mbavu za mbao, mshono umefumuka: Rapide. Nikazidi kusogeza na kutaja, na dada akaanza kulegea. Akavuta simu karibu. Ya mwisho ilikuwa mguu wa tairi la mbele, na ufa chini ya bolti. Akasema hiyo sasa naibahatisha, tairi ni tairi. Nikamwambia hapana. Ukiutazama haraka utasema Dove, maana hawa wawili ni kama ndugu, lakini Dove hukunja mguu wake ikiruka. Huu haukunjiki, hauna hata kiungo cha kukunjia. "Hiyo ni Heron," nikasema, "zile za mwanzo."

"Hujakuna hata kichwa," dada akasema. Alikuwa anatabasamu. Akasema yeye hapo anaona mabati tu, na kwamba baba angetembea na mimi akinionyesha kwa watu. Halafu akasema amechoka, nimpe chai.

Nikaenda jikoni. Kikombe cha pili kilikuwa nyuma kabisa ya rafu, na buibui alikuwa ameshahamia. Nilikuwa nakisugua mara ya pili ndipo simu ikalia mezani. Simu yangu hailii pia. Nikamsikia dada akiipokea, kwa sababu kwetu simu ya ndugu ni simu ya nyumba.

Alisalimia kwa heshima. Akasema hapana, yeye ni dada yake, Dogo yuko jikoni. Akasema amefurahi kumsikia. Akaweka sauti kubwa ili aendelee kufungua begi, na hapo nikaijua sauti.

Shangazi hakuwahi kunipigia hata siku moja. Alikuwa akieleza kwamba mwanawe amekuja mapema, ameshamtolea gunia getini, na amepiga tu kuniaga na kuniambia nisijisumbue tena. Alisema nimejitahidi kuliko wote. Alisema zile zilizonishinda zingemshinda yeyote.

"Zilizomshinda?" dada akauliza. "Picha hizi za mabati?"

Nilitoka jikoni na kikombe kinachuruzika maji. Nilimpungia dada mkono, nikatikisa kichwa. Dada alinielewa vibaya. Alidhani naona haya kusifiwa.

"Shangazi, usimsikilize, huyu anajifanya mnyenyekevu," akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa fahari kabisa. "Ametoka kuzitaja zote sasa hivi. Ile ya mdomo wa mafuta, sijui Biva, ile ya bati la banda, zote. Mpaka ile ya tairi. Hakusita hata kwa moja."

Upande wa pili kile kiti kikalalamika. 

"Sasa hivi?" Shangazi akauliza.

"Nimekaa hapa hapa namtazama."

"Mpe simu."

Sikuipokea. Dada aliishika baina yetu, na uso wake ukaanza kubadilika polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Mwanangu," Shangazi akasema. "Ulikuwa unazijua tangu lini?"

Nilikuwa na majibu kama matano ya kuchekesha. Yalikuja yote, yakapanga foleni, na hakuna hata moja lililotaka kutangulia.

"Tangu ulipozituma," nikasema.

Hakugomba. Nilisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, kisha nyayo zake, nzito, zikienda mbali, kisha mlango. Hakuikata. Tukabaki mimi na dada tunasikiliza chumba cha mtu tusiyemjua. Kulikuwa na saa ya ukutani humo. Kulikuwa na mwangwi, ule wa chumba kilichokwisha kutolewa vitu.

Dada akauliza kwa sauti ya chini kama nilimwambia yule mama kwamba sizijui. Nikamwambia nilisema nafikiria. Akaniuliza kwa nini. Nilipofungua mdomo akainua mkono. "Na usinichekeshe," akasema.

Sikumchekesha.  Aliangalia kiti cha pili, akaangalia kikombe nilichokishika, akaangalia waya wa chaji niliouvuta kutoka ukutani mpaka kitandani, unapita katikati ya nyumba kama kamba ya kuanikia. Alifika mwisho wa waya, akaacha kuuliza.

Nyayo zikarudi. Kitu kikaburutwa sakafuni. Shangazi alikuwa anahema, na alihema muda mrefu kabla ya kusema. Gunia alilikuta bado getini, akasema, watu wa taka wakiwa mlango wa tatu kutoka kwake.

"Haya," akasema. "Nina penseli. Ile ya mdomo wa mafuta."

"Beaver."

Penseli ikakwaruza. "Imetua. Bati la migongo."

"Junkers."

"Imetua."

Zilishuka moja baada ya nyingine. Hakuniuliza nimekula nini. Hakukumbuka fundi yeyote. Ndege ambazo nilikuwa nimezibeba mwezi mzima zilitua kwa muda wa kunywea maji, na nilisikia boksi likijaa, na nyuma yake sauti ya mwanamume ikisema, mama, gari la makumbusho limewahi kufika.

"Imebaki moja," Shangazi akasema. "Ya tairi la mbele."

Mguu usiokunjika. Ufa chini ya bolti. Nikaitazama kwenye simu, mkononi mwa dada. Nje ya dirisha la Shangazi honi ililia mara moja, kwa adabu.

"Hii," nikasema.  "Hii, Shangazi, kusema kweli, inanisumbua kidogo. Inaweza kuwa Dove, inaweza kuwa..."

Dada hakunyanyua sauti. Alikuwa ananitazama mimi, lakini alisema na simu.

"Anaijua, Shangazi."